Nilivyojitolea uhandisi wangu kwa nyumba za mawe za Lamu

Mimi ni mhandisi wa majengo. Riziki yangu naipata Mombasa kwenye maghorofa ya zege, ila kwa mama mimi ni wa Lamu, na kila nikienda huko jamaa hunionyesha ukuta unaobanduka na kuniuliza kama utaanguka. Ndipo nikaamua kuzikagua nyumba za kale bila malipo, kwa yeyote atakayenikaribisha.

Kuna wanaosema wenye nyumba hizi wamezitupa. Si kweli. Nyingi ni za urithi, warithi ni wengi na pesa ni kidogo, na linalowakwamisha ni kutojua waanzie wapi. Wakipata chochote hupiga lipu mpya upande wa njiani, maana ndiko kunakoonekana. Kwa hiyo mimi humaliza ukaguzi kwa kumtajia mwenyewe kitu kimoja cha kutengeneza kwanza.

Mara nyingi kitu hicho ni maji. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga, na dari zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Ukuta wa aina hii hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa taratibu kupitia lipu ya chokaa. Ukiufunika kwa simiti, unyevu hukosa pa kutokea, hupanda, na chumvi yake hulila jiwe kwa ndani. Katika nyumba moja ya mtaa wa Mkomani, hapo Lamu, niligonga lipu ya simiti kwa kidole, ikalia kama debe tupu. Tulipoibandua, jiwe nyuma yake lilikuwa unga wa kuchota kwa kiganja. Juu yake, mahali boriti inapoingia ukutani, nilichoma kwa bisibisi, ikazama hadi kwenye mpini. Katikati ya chumba boriti hiyo hiyo ilikuwa nzima kabisa.

"Mwanangu, ndiyo dari yote ing'olewe?" Bibi mwenye nyumba aliniuliza.

"La, Bibi. Kwanza tuzibe bomba la choo cha juu linalovuja. Kisha tutaitegemeza dari, tubadilishe boriti zilizooza tu."

Hesabu za mihimili ya kutegemezea nilizifanya mimi. Chokaa niliiacha kwa mwashi mzee wa hapo mtaani, ambaye kwa jambo hilo ananizidi mbali. Kila alipomaliza kipande alikifunika kwa magunia mabichi, jua na upepo visikikaushe haraka kikapasuka. Nilimwomba aweke vijana wawili kando yake wajifunze, akakubali.

Kilichowatisha wenyewe kuliko gharama ni makaratasi. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na kuna sheria ya turathi ya 2006, hivyo huwezi kubomoa na kujenga upendavyo. Lazima uombe kibali. Nilichora ramani ya nyumba, nikatia alama kila boriti ya kubadilishwa, nikaandika barua pamoja na bibi. Kwa mtaalamu, hiyo ni kazi ya jioni moja, na kwa familia ndiyo iliyokuwa imezuia kila kitu.

Sasa tunahitaji wakili wa mirathi. Nyumba ya jirani nimeshaikagua, lakini warithi wake wametawanyika, wengine wako Oman, na hakuna anayeweza kutia saini peke yake. Wakili aliye tayari kutupatia muda wake kidogo, karibu sana Lamu.