Siku lebo ilipotaka vesi ya tatu iondoke

Wimbo ulioletwa studio siku ile ulikuwa na mapigo 90 kwa dakika. Utangulizi baa 8 (baa moja ni mapigo manne), vesi tatu za baa 16 kila moja, viitikio vitatu vya baa 8, na biti tupu ya kufungia baa 8. Jumla baa 88, yaani dakika 3 na sekunde 55. Mwakilishi wa lebo, yaani kampuni ya rekodi, aliutaka chini ya dakika 3.

Hesabu zake alikuwa nazo. Spotify haihesabu usikilizaji mpaka sekunde 30 zipite, na kiitikio cha kwanza kilikuwa kinaingia sekunde ya 64. Akaagiza utangulizi ubaki baa 2, kiitikio kitangulie, vesi ya tatu iondoke. Baa 66, dakika 2 na sekunde 56.

Tatizo ni kwamba kisa kizima kiliegemea vesi ya tatu. Mbili za kwanza zilimwonyesha kijana akitamba na bunduki. Ya tatu ilimzika. Ukiiondoa, wimbo unasifia kile ulichoandikwa kukilaani, na hilo kwangu ni zito kuliko sekunde 59.

Rapa aliufungua mkataba wake. Kifungu cha kukabidhi kazi kilisema lazima iridhishe kibiashara, na mwenye kuamua ni lebo. Laiti kingedai ubora wa kiufundi tu! Lebo ikikataa kazi, huhesabiwi kuwa umekabidhi, na mkataba unaendelea kukufunga. Fedha za awali, gharama za studio na sehemu ya gharama za video zingekatwa kwenye mgawo wake kabla hajalipwa senti, na masta, yaani rekodi zenyewe za asili, zilikuwa mali ya lebo. Kilichomwokoa ni kifungu kimoja kifupi: toleo la albamu lisiguswe bila saini yake. La redio halikutajwa.

Basi tukakata la redio pekee. Kazi kama hii haifanywi kwenye miksi iliyokwisha kuunganishwa, kwa sababu mwangwi wa vesi iliyoondolewa hubaki ukielea juu ya kiitikio. Tulifungua traki moja moja. Sauti ya rapa haikukatwa pale baa inapoanzia, maana neno lake la kwanza huwahi kabla ya pigo; tulirudi nyuma nusu pigo, pumzi tukaiacha, viungio tukavilainisha kwa milisekunde 10.

Lebo ilitaka pia sampo, yaani kipande cha biti kilichochukuliwa kwenye sahani ya mtu mwingine, ipigwe upya na wanamuziki. Tangu hukumu ya Marekani ya 1991 kuhusu wimbo wa rapa Biz Markie, hakuna lebo makini inayotoa sampo bila kibali. Kupiga upya hukuondolea haja ya kibali cha mwenye rekodi tu. Cha mtunzi kinabaki palepale. Isitoshe, mikwaruzo ya ile sahani ilikuwa sehemu ya biti. Sampo ikabaki, vibali viwili vikaombwa.

Zilisalia zile baa 8 za kufungia. Rapa akauliza kama kuna aliyezikataza. Hakuna. Akachukua baa 8 za mwisho za vesi ya tatu, zile za mazishi, akaandika upya mstari wa kwanza ili uunge na kiitikio, akaingia kibandani kurekodi. Mwakilishi alipotazama saa ya programu ilisoma 2:56, akatia saini.