Nikalala kitanda cha leba kama mtu anayenunua godoro

Mtoto wa kwanza nilimzalia kwetu Tanga, hospitali sitaitaja. Mama aliachwa nje na chupa yake ya chai, mie ndani peke yangu, na nilipopiga kelele nikaambiwa, "Nyamaza, mbona wakati wa kuitafuta hukulia?" Wanawake wa kwetu mnaijua kauli hiyo. Mtoto alitoka mzima, alhamdulillahi. Mie nikatoka na hofu ambayo sikumwambia mtu.

Mimba ya pili imenikuta Göteborg, Uswidi. Huku kliniki ya wajawazito ni ya wakunga. Kama huna tatizo, daktari huenda usimwone kabisa. Siku moja mkunga ananipima presha, akauliza: ukiifikiria siku ya kujifungua, moyo unakwambiaje? Nikamjibu nataka kupasuliwa. Nilijiandaa kwa ugomvi. Hakukataa, hakukubali, akaniandikia niende Aurora.

Aurora ni huduma iliyopo katika hospitali nyingi za Uswidi kwa ajili ya wanaoogopa kuzaa. Nilidhani kuna dawa. Kumbe ni kuketi na mkunga mzoefu mkazungumza. Alitaka nimsimulie uzazi ule toka uchungu ulipoanza, na kila nikifika pabaya ananisimamisha: hapo nani alikuwa nawe? Hapo uliambiwa nini? Tulipomaliza nikajikuta nimesema mwenyewe kwamba uchungu nauweza. Kilichonitia hofu ni kuachwa na kufokewa.

Akanieleza kuwa mtu akiogopa, adrenalini, homoni ya hofu, hupanda, na oksitosini, homoni inayoleta uchungu, hurudi nyuma, mwili unakaza, maumivu yanazidi. Siku nyingine akanipeleka chumba cha kuzalia. Nikashika kinyago cha gesi ya kupunguza maumivu, nikajilaza kitandani na koti langu. Tukaandika karatasi: asiachwe peke yake, kabla ya kumgusa, mwambieni. Na suala la kupasuliwa likaachwa wazi, nikitaka tutalirudia kwa daktari.

Nikampigia bibi, yuko Pangani, amezalisha wanawake kijijini miaka mingi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, hujazaa tu?"

Nikamweleza yote. Akacheka. "Kwani mie nilikuwa nafanya nini? Mzazi akiwa mwoga nahamia kwake siku mbili tatu, namkanda mgongo, anasema mpaka anachoka."

Nikamwambia Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2018, limependekeza kila mzazi awe na mtu anayemtaka mwenyewe pembeni yake.

"Wamechelewa," akasema.

Nilizaa alfajiri, bila kisu. Nilitetemeka mpaka meno yakagongana, tusidanganyane. Ila zamu ilipobadilika, mkunga aliyeingia aliletwa mpaka kitandani, akanitajia jina lake, karatasi yangu mkononi.

Bibi aliuliza nimempa nini yule mkunga wa mazungumzo. Nikasema huku hawapokei kitu. Hakuniamini. Amepata mtu wa kumbebesha doti ya kanga, imefika juzi, na jina lake ni "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo". Sasa nakaa nafikiria nitamtafsiriaje Msweden wa watu asidhani nilimtukana.