Chai ya alasiri Devon, mimi na shangazi

Nyumbani ukitaja chai ya alasiri ya Waingereza watu wanawaza zile hoteli kubwa za London, sahani za ghorofa tatu, mtu kavaa suti anakumiminia, na bili ya kutisha. Ipo hiyo, sikatai. Ila mi naishi Exeter, mji wa mkoa wa Devon kusini magharibi mwa Uingereza, na ninachokipenda ni kimgahawa cha chai cha kijijini, kiko huko pembeni ya nyika ya Dartmoor, nyumba ya mawe, meza chache, vikombe kila kimoja na maua yake, na mama mwenye mgahawa ndo anaoka, ndo anachukua oda, ndo anapita kuuliza kama maji ya moto yanatosha. Kwangu chai ya alasiri yenyewe ndo ile, na juzi nimempeleka shangazi yangu aliyekuja kunitembelea kutoka Tukuyu, furaha bado haijaniisha.

Shangazi kachuma chai Rungwe tangu usichana wake, kwenye chai humdanganyi. Birika lilipoletwa, limevishwa kofia ya sufu lisipoe, yeye hata kikombe hakugusa kwanza, kafunua mfuniko, kachota majani kidogo na kijiko akayatandaza kwenye kisosi akawa anayasogeza na kidole. Punje nyeusi ndogo ndogo. Akasema, "Mwanangu, hii ya kwetu hii." Nikamuuliza mwenye mgahawa, akaniambia ni mchanganyiko wa majani ya Kenya na ya Assam, India. Kenya, Tanzania, kwa shangazi ni kwetu tu, na kwa kweli chai yetu nyingi imeuzwa kupitia mnada wa Mombasa miaka na miaka, pamoja na ya Uganda, Rwanda na Burundi, kwa hiyo hajakosea sana.

Na alivyoijua ni kwa zile punje. Chai nyingi ya Afrika Mashariki haibaki jani refu, likishanyauka linapitishwa kwenye rola zenye meno, linapondwa linachanika linajiviringa, halafu linaachwa lipigwe na hewa mpaka libadilike rangi ndo linakaushwa. Ndo maana inatoa rangi haraka na ina nguvu, ukitia maziwa haipotei, na Waingereza chai yao ya kila siku wanaitaka hivo hivo. Shangazi akaanza kuhadithia, majani mawili na chipukizi, hakuna kuchuma jani gumu, tenga mgongoni, na lazima yafike kiwandani siku ile ile la sivyo yanaungua yenyewe kwa joto. Mi natafsiri, yule mama katulia anasikiliza, mwisho kavuta kiti kakaa na sisi kabisa na wateja wengine wakamsubiri bila kinyongo, maana mahali kama pale hamna anayeharakishwa.

Sasa tuje kwenye chakula, hapa ndo penyewe. Ukitaka ile kamili unaletewa sandwichi ndogo zimekatwa kingo, za tango, za yai, za samaki salmoni, kisha skonzi, kisha keki, na unakula kuanzia chini kwenda juu. Lakini Devon watu wengi wanachukua ile fupi tu: birika la chai, skonzi mbili, jamu ya stroberi na krimu. Skonzi zao si zile laini za kwetu, hizi hazina hamira, zinaumuliwa na baking pauda, nje zimekaza kidogo ndani zinamong'onyoka, na zinatakiwa zije na uvuguvugu wa oveni. Usikate na kisu kama mkate, ishike uipasue kwa vidole katikati, ikiwa imeokwa vizuri inaachana yenyewe pale ilipoumukia.

Na ile krimu jamani. Maziwa yenye mafuta yanapashwa moto mdogo mdogo masaa mengi, hayachemki, halafu yanaachwa yapoe taratibu, krimu inapanda juu inaganda, inafanya ngozi ya manjano. Ya Cornwall, mkoa wa jirani, inalindwa kisheria tangu 1998, lazima iwe na mafuta yasiyopungua asilimia 55. Kijiko ukikisimamisha kinasimama. Shangazi alivyoiona akasema ni utando wa maziwa ya kuchemsha, ule tuliokuwa tunagombania utotoni, na hakukosea, ni ndugu yake yule, ila huu wametulia nao zaidi.

Hapo kuna ugomvi wa kweli kati ya mikoa hii miwili jirani. Devon wanapaka krimu kwanza kama siagi halafu jamu juu, Cornwall jamu kwanza krimu ndo inakaa juu. Watu wazima na akili zao wanabishana. Mi niko na Devon na sio kwa sababu naishi huku, skonzi ikiwa ya moto krimu inaingia kidogo kwenye mkate na jamu inabaki juu na ukali wake, unaanza na utamu wa tunda unamalizia na maziwa. Shangazi alipaka jamu kwanza, mwenye mgahawa akamwangalia tu akamwachia, mgeni ni mgeni.

Desturi yenyewe wanasema ilianza karibu 1840 na Anna, mke wa Duke wa Bedford, yaani lodi wa cheo cha juu, maana matajiri chakula cha usiku walikuwa wanakula kwa kuchelewa mno na alasiri njaa inauma, akawa anaagiza chai na vitafunwa chumbani, baadae akaanza kualika marafiki. Sawa, ila historia inayonigusa ni ya migahawa. 1864 kampuni moja ya mikate London ilifungua mgahawa wa chai, Glasgow bibi mmoja anaitwa Kate Cranston akaanza wake 1878, na ikawa sehemu ambayo mwanamke anaweza kuingia peke yake au na mwenzie, akakaa, akalipa, hamna anayemtazama vibaya. Kabla ya hapo kulikuwa na baa, na baa mwanamke wa heshima haingii. Wanawake waliokuwa wanadai haki ya kupiga kura nao walikutana kwenye migahawa hiyo kupanga mambo yao. Nikiangalia vijiwe vyetu vya kahawa, bao, magazeti, siasa, vizuri sana vile lakini ni vya wanaume, shangazi yangu umri wote ule hajawahi kukaa kwenye kimoja akanywa kikombe. Pale Dartmoor alikaa karibu masaa mawili na meza ya pembeni ilikuwa ya bibi watatu wanacheka tu, nikaona raha sana.

Kitu kimoja alichokataa ni maziwa ya baridi. Kwetu maziwa na majani vinachemka pamoja, tangawizi ndani, huku unaletewa chai ya rangi na kijagi cha maziwa pembeni. Akainywa kavu bila sukari, akasema hivo anaonja jani. Mi napenda zote mbili ila kwa chai nzuri namuunga mkono, maziwa ya baridi yanaipoza kabla hujafika nusu kikombe.

Ukija upande huu nenda kati ya saa tisa na saa kumi, vimgahawa vingi vinafunga saa kumi na moja, na vya vijijini baadhi havifunguliwi kabisa wakati wa baridi kwa hiyo piga simu kwanza. Uliza kama skonzi zimeokwa siku hiyo, uliza majani yanatoka wapi, na omba chai ya majani sio ya vifuko, wakikuletea na chujio ujue umefika. Birika likipungua usiagize jingine, omba maji ya moto, wanaongeza bure.