Alama zimepanda, mbona mi nilikuwa na nafuu?

Juzi napanga makaratasi yangu nikakuta yale madodoso ya PHQ-9, yale ya maswali tisa ya kupima sonona, niliyojaza kipindi naenda kwa mshauri, la kwanza nina 12, la wiki ya sita nina 15. Kwa karatasi basi nimezidi kuharibika, manake 10 hadi 14 ni sonona ya kati na ukigusa 15 ushahama kundi. Ila wiki hiyo ya sita nakumbuka vizuri tu, nilikuwa naoga asubuhi bila kusukumwa, simu napokea.

Nikakaa nikalinganisha swali kwa swali. La kwanza, la kukosa hamu, limeshuka moja. La nne, la uchovu, mwanzo niliweka 1, siku kadhaa, afu baadaye nikaweka 3, karibu kila siku. La saba la kushindwa kutulia kwenye jambo nalo limepanda mbili. Sasa huo uchovu haukuongezeka jamani, nilikuwa nao miaka, nimeuzoea mpaka naona ndo mwili wangu ulivyo, na kitu ulichokizoea nani anakihesabu? Mshauri ndo alinifundisha kuuona. Rula ilikuwa ile ile, aliyeishika ndo kabadilika.

Na hili halijaanza na mimi. Mwaka 1976 mtafiti Golembiewski na wenzake walishasema mabadiliko yapo ya aina tatu: hali yenyewe inabadilika, au unavyojipimia ndo kunabadilika, au kile kitu chenyewe unakielewa tofauti na mwanzo. Jumla ya alama inavikoroga vyote vitatu kwenye chungu kimoja. 2016 mtafiti mwingine, Fried, na wenzake wakachunguza vipimo vinne vya sonona vinavyotumika sana, wakakuta mwanzo na mwisho wa ufuatiliaji havipimi kitu kwa namna ile ile, yaani kutoa alama za leo kwenye za jana si hesabu rahisi kama tunavyodhani.

Afu kuna upande wa pili, watu wengi wakijaza mara ya pili alama hushuka zenyewe hata kama hawajatibiwa chochote, kwa hiyo mtu akikuonyesha kabla na baada bila kundi la kulinganisha, we muulize maswali.

Sisemi dodoso litupwe, mi lilinisaidia. Ila kilichonisaidia zaidi ni mshauri kuweka kidole pale swali la nne akauliza, "hapa mbona umeruka hivi?" Tukaongea uchovu kipindi kizima.