Kuishi juu kwenye mawe ya Mabatini

Chumba ninachokaa Mabatini, hapa Mwanza, hakifikiwi na gari. Bodaboda naye anakuacha chini; ukimbembeleza sana atakusogeza hadi zinapoanzia ngazi, basi. Kuanzia hapo ni vichochoro vinavyokatiza kati ya majabali, mengine makubwa kuliko nyumba zilizoegemea. Dalali aliponileta aliniambia "ni hapo tu juu, bosi." Madalali wote wa Mwanza wana hiyo "hapo tu".

Kuhamia kulitaka mpango. Kirikuu ilishusha vitu barabarani, na kabla kijana yeyote hajagusa kitu nikapatana nao bei ya kila mzigo. Ukipatana baada ya mzigo kufika juu, umekwisha. Kitanda nilikuwa nimeshamwita fundi akakifungua, zikapanda mbao na chaga peke yake. Godoro la tano kwa sita lilipanda kichwani mwa kijana mmoja aliyevaa malapa, likiyumbishwa na upepo wa ziwa, na yeye anakanyaga jiwe tupu huku anaongea na simu. Kabati nililiuza kabla ya kuhama. Mtungi wa gesi ni ule wa kilo 6. Mkubwa sitaki hata kuusikia.

Shughuli yenyewe ni maji. Bomba lipo uani, ila kule juu maji mara nyingi huja usiku, tena kwa kujivuta. Nikanunua pipa la lita 200 na mpira, nikajizoesha kuamka. Dumu moja la lita 20 ni kilo 20 za kupandisha ngazi, kwa hiyo usingizi ukikatika kidogo si hasara. Mama mwenye nyumba ndiye aliyenionyesha kukinga ya mvua kwenye bati: "Baba, ya bomba pikia, hii fulia." Masika sinunui maji kabisa. Lakini masika hizo hizo jiwe linakuwa kama limepakwa sabuni. Mwavuli haufai, mikono yote inatakiwa kushika ukuta. Nashuka na malapa na koti la mvua, viatu vya kazi viko kwenye mfuko.

Kazi iko Kirumba. Mabatini iko Barabara ya Nyerere, Kirumba iko Barabara ya Makongoro inayokwenda uwanja wa ndege, na hizo mbili zinakutana mjini. Asubuhi daladala za kutoka Igoma na Nyakato zinanipita zimeshajaa, konda ananing'inia mlangoni. Sihangaiki nazo. Natembea kupitia Mlango Mmoja hadi mjini, napanda gari za Airport zikiwa bado zinapakia, nakaa dirishani. Jioni nikiwa na hela napitia soko la samaki la Mwaloni kuchukua dagaa. Sato nanunua mmoja tu, maana kila kilo utaikumbuka kwenye ngazi.

Dada yangu alikuja kunitembelea kutoka Dar. Katikati ya ngazi akasimama, mkono kiunoni, akauliza kama Capri Point, kule kwa wenye hela, hakuna vyumba. Nikamwambia vipo, nikamtajia na bei. Akaguna, akaendelea kupanda.