Mti wa Ikulu na bisi za Lady Bird

Ikifika Novemba, simu yangu hujaa picha za Ikulu ya Marekani iliyopambwa kwa Krismasi. Kazi yangu ni kupamba kumbi, makanisa na mapokezi ya hoteli hapa Entebbe, na wateja wanaonipigia kwa Kiswahili wengi ni familia za wanajeshi. Wananionyesha ile korido ambayo miti imejipanga kama gwaride. "Nataka hivi hivi." Bei wataiuliza baadaye.

Ikulu yetu wenyewe iko hapa hapa kilimani. Ninachokijua ni geti na askari wake. Ile ya Washington sijaikanyaga, lakini wenzetu hupiga picha kila pembe na kuruhusu watu wapite kutazama, kwa hiyo naijua zaidi.

Kama fundi, mimi hutazama kwanza mti umesimama vipi. Ule mkubwa huwekwa Chumba cha Buluu. Wa kwanza kuwekwa humo ulikuwa wa mwaka 1912, enzi za Rais Taft. Siku hizi hufika takriban futi 18, unagusa dari. Wanaishusha taa kubwa ya vioo, kisha kilele cha mti kinafungwa pale juu taa ilipokuwa inaning'inia. Sisi tunatumia ndoo ya mchanga, na kuna hoteli moja ambako mti unashikiliwa na waya wa kuanikia nguo uliofungwa dirishani. Wageni wanapiga picha, hakuna anayeuona.

Halafu kuna mada. Jacqueline Kennedy ndiye aliyeanza, mwaka 1961: mti mzima wanasesere, ndege na malaika wadogo, vyote vya hadithi moja. Tangu hapo wake wa marais wamekuwa wakichagua mada yao. Wateja wangu hapa ndipo wanaponishinda. Wanataka taa za rangi zote, maputo, na theluji ya pamba juu yake. Theluji, kando ya Ziwa Viktoria! Lakini siwezi kuwacheka sana. Nimekulia kambini Jinja, na kwetu Krismasi ilikuwa tawi la msaipresi, pamba ya dukani, karatasi ya chooni iliyosokotwa, na kadi za mwaka juzi kwenye uzi.

Ninayempenda mimi ni Lady Bird, mke wa Rais Johnson. Mwaka 1965 alipamba mti wa Ikulu kwa njugu, bisi na matunda. Ikulu ya taifa tajiri kiasi kile, bisi! Tangu nilisome hilo silaha yangu ni hiyo mteja anaponiambia vitu vya hapa ni vya kimaskini.

Mwaka jana nilikata nyota za nguo ya gome la mutuba, ile nyekundu ya udongo, nikazitundika kwenye ukumbi wa bibi mmoja wa Kiganda. Aliingia, akasimama.

"Mwanangu, hiyo tunazikia watu."

Nikamwambia, jjajja, hata Kabaka huivaa akitawazwa, na UNESCO iliutambua ufundi wake mwaka 2005.

"UNESCO haizikwi," akasema.

Nikazishusha. Ukumbi ni wake. Hotelini lakini naendelea kuzitundika, na kwa macho yangu zinaupendeza mti wa kijani kuliko mpira wowote wa plastiki kutoka maduka ya Kikuubo, Kampala.

Mwaka huu mke wa afande mmoja amekubali bisi, kwa shingo upande. "Watoto si watazila?" Watazila zile za matawi ya chini, mama, tutaongeza. Kama nawe unataka kujaribu: zikaange bila chumvi wala sukari, sisimizi wa Entebbe hawana huruma. Mafuta yawe kidogo mno. Ziache zilale siku mbili kabla ya kuzitunga, maana zikiwa mbichi sindano inazivunja. Na uzi uwe wa kushonea viatu.