Mshahara wa Mwezi, Kodi ya Miezi Sita

Nilipohamishiwa Arusha miaka minne iliyopita, swali la kwanza la dalali wa Njiro halikuhusu idadi ya vyumba. Aliniuliza ninafanya kazi wapi. Nilimjibu kwa fahari kwamba mimi ni mtumishi wa umma, nikiamini jibu hilo lingenirahisishia mambo. Alinipeleka kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye mita yake ya Luku, na mwenye nyumba, baada ya kukitazama kitambulisho changu cha kazi pande zote mbili, akataja kodi na kuongeza kwamba anapokea miezi sita kwa mkupuo. Pamoja na mwezi mmoja wa dalali, nilitakiwa kutoa kodi ya miezi saba kwa siku moja, ilhali mshahara wangu huingia mwezi kwa mwezi.

Wenye nyumba wa hapa wamezoea wapangaji ambao fedha zao hazikatiki. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015, ilileta watumishi waliolipwa kwa dola, na hadi leo wapo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutoza kwa fedha za kigeni, lakini hazikugusa mkupuo. Mwalimu na muuguzi wanapimwa kwa kipimo kilekile, bila wa kuwakinga, kwa kuwa kuanzia mwaka 2002 Serikali iliwauzia watumishi nyumba zake nyingi, kisha mwaka 2005 sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ikafutwa.

Ndiyo maana wengi wetu hukopa ili tupange. Mshahara wa uhakika humvutia mkopeshaji kama unavyomvutia mwenye nyumba, na makato huongezeka hadi mtu anabaki na theluthi moja, ambayo ndiyo mpaka wa kisheria. Jambo hili linaniumiza sana, kwani riba hiyo ingetosha kununua tofali. Ningependa mwajiri akate kodi ya nyumba kwenye mshahara na kumlipa mwenye nyumba kila mwezi, kama anavyopeleka marejesho benki. Hofu ya mwenye nyumba, ambayo siidharau, ni mpangaji kuhama usiku na kuacha deni, na kwa utaratibu huo hofu hiyo ingeondoka.

Kwa sasa tunakimbilia kujenga Muriet, Olasiti na Moshono, pembezoni mwa jiji, ambako maboma yasiyopauliwa yamesimama kwa miaka, mengine yameota majani hadi juu ya lenta. Kiwanja changu kiko Muriet. Nimemwaga jamvi mwezi wa nane, na tofali zitasubiri, kwa sababu kodi ya miezi sita mingine inadaiwa mwezi ujao.